Mkono wa Radbourn na makubaliano ya Julai 1884

Katika msimu wa 1884 Charles Radbourn, mrushaji wa klabu ya besiboli ya Providence Grays, aliandikiwa ushindi katika michezo 59, au 60 kwa hesabu ya zamani. Hakuna mrushaji wa ligi kuu za Marekani aliyeifikia idadi hiyo kabla yake wala baada yake. Siku hizi timu hucheza michezo 162 kwa msimu, ilhali Providence ilicheza 114 tu mwaka ule, na bado mrushaji anayefikisha ushindi 20 leo huhesabiwa miongoni mwa bora wa mwaka. Kwa sababu hiyo jina la Radbourn huibuka kila panapozungumziwa rekodi zisizovunjika, na karibu kila mara huletwa kama ushahidi kwamba watu wa zamani walikuwa na miili ya chuma. Nadhani rekodi hii inasomwa upande usio wake. Ilitokana na makubaliano ya kazi yaliyofikiwa katika wiki za mwisho za Julai, kati ya mwajiri aliyebanwa na mfanyakazi aliyekuwa amesimamishwa, na mtu asiyeyajua makubaliano hayo hawezi kueleza kwa nini mkono mmoja ulibebeshwa karibu msimu mzima, wala kwa nini mwenye mkono alikubali.

Msomaji ambaye hajaufuatilia mchezo huu ajue kwamba mrushaji ndiye anayeanzisha kila tukio uwanjani. Humrushia mpira mpigaji mwenye gongo, akijaribu kumfanya aukose au aupige vibaya, huku mdakaji akiwa amechuchumaa nyuma ya mpigaji ili aupokee. Mchezo kwa kawaida una awamu tisa, na timu yenye mikimbio mingi, yaani mara nyingi zaidi za mchezaji kuzunguka besi zote nne za uwanja, ndiyo mshindi. Ushindi huo wa timu huandikwa pia katika hesabu ya mrushaji mmoja, kana kwamba wenzake wanane walikuja kumsindikiza tu. Ni desturi yenye dosari, lakini ndiyo iliyotupatia hiyo 59.

Besiboli ya 1884 ilitofautiana sana na ya leo. Mrushaji alisimama ndani ya kisanduku kilichochorwa ardhini, ambacho mstari wake wa mbele ulikuwa futi 50 kutoka kwa mpigaji, yaani kama mita 15. Umbali wa leo, uliowekwa mwaka 1893, unapita mita 18. Mpigaji aliruhusiwa kuagiza mpira wa juu au wa chini, na mrushaji alipaswa kutii. Wachezaji wengi walidaka kwa mikono mitupu. Mwaka huohuo National League, ligi ambamo Providence ilicheza, iliruhusu kwa mara ya kwanza mpira urushwe kutoka juu ya bega, jambo lililoongeza kasi na, bila shaka, likaongeza maumivu ya viungo.

Hata hivyo kanuni yenye uzito zaidi kwa hoja yangu ni ile ya kubadilisha wachezaji. Mchezaji wa akiba hakuweza kuingia hivihivi. Aliingia pale tu mwenzake alipougua au kuumia. Mrushaji aliyezidiwa alipumzishwa kwa njia moja, nayo ni kubadilishana nafasi na mtu ambaye tayari alikuwa uwanjani, na ndiyo maana klabu nyingi zilimweka mrushaji wao wa pili upande wa kulia wa uwanja, ambako mipira haikufika sana, akisubiri kuitwa. Radbourn alianza michezo 73 mwaka 1884 na akaimaliza yote 73. Sehemu ya sifa hiyo ni yake, na sehemu nyingine ni ya kanuni ambazo hazikumpa kocha pa kukimbilia.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1854 mjini Rochester, jimbo la New York, akakulia Bloomington, Illinois, ambako baba yake, mhamiaji kutoka Uingereza, alikuwa mchinjaji. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya bucha, kisha akawa mfunga breki katika reli. Miaka ile wafanyakazi wa breki walipanda juu ya mabehewa yakiwa mwendoni na kuzungusha magurudumu ya breki kwa mikono, na kukatika vidole au kuanguka relini zilikuwa ajali za kawaida. Sitaki kuipa kazi ya ujanani maana kubwa kuliko inavyostahili, lakini naona si jambo dogo kwamba mtu huyu aliingia katika mchezo wa kulipwa akiwa tayari anajua waajiri huhesabuje viungo vya mfanyakazi. Alichezea Peoria mwaka 1878, Dubuque mwaka 1879, kisha Buffalo mwaka 1880, ambako alipata michezo sita tu, hakurusha hata mmoja, na akarudi nyumbani mkono ukimuuma. Mwaka 1881 Providence ilimchukua.

Huko alimkuta John Montgomery Ward, mrushaji kijana ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amemaliza mchezo mzima bila mpigaji hata mmoja kufika besi ya kwanza. Waligawana kazi kwa misimu miwili. Mchezo wa 17 Agosti 1882 dhidi ya Detroit unaonyesha walivyofanya kazi pamoja: Ward alirusha awamu zote 18 bila kuruhusu mkimbio, na Radbourn, aliyekuwa upande wa kulia wa uwanja, ndiye aliyepiga mpira uliomaliza mchezo kwa 1-0. Ward alipoondoka, mzigo ukamwangukia Radbourn. Mwaka 1883 alishinda michezo 48, mmoja wao bila mpigaji hata mmoja kufika besi kwa mpira alioupiga vizuri, akatupa zaidi ya awamu 630. Kwa hiyo alipoanza msimu wa 1884, akiwa na miaka 29, mkono wake haukuwa mpya.

Hapa panahitaji maelezo kuhusu sheria nyingine, isiyoonekana uwanjani. Mwaka 1879 wamiliki wa klabu za National League walikubaliana faraghani kwamba kila klabu ingeteua wachezaji watano ambao klabu nyingine hazingewagusa, hata mikataba yao ikiisha. Kufikia 1883 idadi hiyo ilikuwa 11, na kwa kuwa klabu za wakati ule hazikuwa na watu wengi zaidi ya hao, maana yake ni kwamba karibu kila mchezaji wa maana alifungwa. Mwaka huohuo ligi tatu zilitia saini mapatano ya kuheshimiana orodha zao. Mchezaji aliyekataa mshahara aliopangiwa alibaki na hiari ya kuacha besiboli na kurudi kwenye bucha au reli. Tangu mwanzo huo wa 1879, lengo lililotajwa wazi lilikuwa kudhibiti mishahara, na wamiliki hawakuona haya kulisema.

Mwaka 1884 ukuta huo ulipata ufa. Tajiri wa St. Louis, Henry Lucas, alianzisha Union Association, ligi iliyokataa kuzitambua orodha hizo na iliyokuwa tayari kumlipa yeyote atakayehama. Ligi yenyewe ilikuwa dhaifu, na baadhi ya klabu zake zilikufa kabla msimu haujaisha, lakini kwa miezi michache mrushaji mzuri wa National League alikuwa na mahali pengine pa kwenda. Bila kulizingatia hilo, matukio ya Providence yanaonekana kama ugomvi wa tabia tu.

Kocha Frank Bancroft alikuwa na warushaji wawili wakubwa. Wa pili, Charlie Sweeney, alikuwa kijana wa San Francisco mwenye miaka 21, na tarehe 7 Juni aliwatoa wapigaji 19 wa Boston kwa kuwafanya wakose, rekodi ya mchezo wa awamu tisa ambayo haikupitwa hadi 1986. Radbourn hakupenda kuona kijana akishangiliwa. Kisha mkono wa Sweeney ukaanza kuuma, Radbourn akatakiwa kurusha mfululizo, naye akaona kwamba kazi ya watu wawili inastahili malipo ya zaidi ya mtu mmoja. Tarehe 16 Julai, katika mchezo dhidi ya Boston, alirusha ovyo kiasi kwamba viongozi wa klabu walimtuhumu kwa kufanya makusudi, wakamsimamisha.

Waandishi wengi hulipita tukio hilo haraka kama doa katika maisha ya shujaa, wakilihusisha na hasira na pombe. Hasira alikuwa nayo, na pombe aliipenda. Lakini mtu ambaye kisheria hawezi kuhama, aliyenyimwa nyongeza kwa kazi ya ziada, na anayeendelea kufika kazini huku akitoa kiwango duni, anafanya kitu ambacho wafanyakazi wa kiwanda chochote wangekitambua mara moja: mgomo baridi. Sidai kwamba Radbourn aliupanga kwa akili ya kisiasa. Nasema tu kwamba hakuwa na silaha nyingine, na kwamba aliitumia wiki ambayo klabu ilikuwa na wasiwasi zaidi.

Siku sita baadaye silaha hiyo iliongezeka makali bila yeye kufanya lolote. Tarehe 22 Julai Sweeney alikuwa akirusha dhidi ya Philadelphia, akiwa amelewa, na Providence ikiongoza. Bancroft alitaka ahamie upande wa kulia ili Cyclone Miller amalizie. Sweeney alikataa, akatukana, akaondoka uwanjani. Kwa kanuni niliyoieleza, hakuna aliyeweza kuingia badala yake. Providence ilimaliza mchezo ikiwa na watu wanane na ikafungwa. Klabu ilimfukuza Sweeney, naye akaenda kwa Lucas huko St. Louis, ambako alishinda michezo mingine 24 kabla mwaka haujaisha.

Wakurugenzi wa Providence walijikuta na timu inayoweza kuchukua ubingwa lakini isiyo na mrushaji, na wazo la kuivunja klabu kabisa lilijadiliwa kwa dhati. Bancroft akawashawishi wamrudishe Radbourn. Masharti yalikuwa mawili: aongezewe malipo, na msimu ukiisha jina lake lisiwekwe katika orodha ya kushikiliwa, awe mchezaji huru. Yeye, kwa upande wake, angerusha michezo yote iliyobaki au karibu yote.

Kiufundi, klabu ilikuwa imekubali kuvunja kwa ajili ya mtu mmoja kanuni ambayo ligi nzima iliitegemea. Nalitilia mkazo sharti la pili kuliko la kwanza. Fedha zaidi ndicho kitu ambacho mchezaji yeyote angeomba. Kuomba kuachwa huru kunaonyesha kwamba Radbourn alikuwa ameelewa hasa ni nini kinachomfanya awe wa bei rahisi. Aliuza kitu ambacho siku hiyo hakuna mwingine Providence aliyekuwa nacho, akadai bei ambayo siku ya kawaida isingetolewa.

Malipo yake kwa upande wa mwili yanajulikana. Kati ya mwishoni mwa Julai na mwishoni mwa Septemba alirusha karibu kila mchezo, siku baada ya siku, na timu ikaenda mfululizo wa ushindi 20. Msimu ulipofungwa alikuwa ametupa awamu 678 na theluthi mbili, zaidi ya mara tatu ya kazi ya mrushaji shupavu wa leo, akiwa amewatoa wapigaji 441 kwa kuwafanya wakose, na wastani wa mikimbio halali, yaani ile isiyotokana na makosa ya wenzake, aliyoruhusu kwa kila awamu tisa ulikuwa 1.38. Kati ya ushindi 84 wa Providence, saba katika kila kumi uliandikwa kwa jina lake. Husimuliwa kwamba asubuhi hakuweza kuuinua mkono hadi kichwani ili achane nywele, na kwamba alifika uwanjani mapema, akaanza kurusha kwa umbali mfupi huku uso ukimkunjamana, akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mkono ulegee. Huenda masimulizi hayo yametiwa chumvi. Hata ukiipunguza chumvi hiyo, awamu zenyewe zinabaki.

Ni vyema kuongeza kwamba awamu hizo si rekodi. Will White wa Cincinnati alitupa 680 mwaka 1879, kutoka umbali mfupi zaidi na bila ruhusa ya kurusha kutoka juu ya bega. Warushaji wa miaka ile walibebeshwa hivyo kwa sababu klabu haikuona haja ya kulipa mshahara wa mrushaji wa tatu, na kwa sababu mkono ulioharibika haukuwa gharama ya mwajiri.

Kuhusu 59 na 60, mabishano yanahusu mchezo wa 28 Julai dhidi ya Philadelphia. Miller alirusha awamu tano za mwanzo na kuiacha Providence ikiongoza. Radbourn akaja kumalizia nne zilizobaki, na mwandishi wa matokeo akampa yeye ushindi. Kwa kanuni za sasa ungekuwa wa Miller. Wanaohesabu hivyo hupata 59. Nimetumia 59 kwa kuwa ndiyo inayotumiwa zaidi leo, lakini sioni kwamba tofauti hiyo inabadilisha chochote, na muda unaotumika kuijadili ungefaa kutumika kuuliza kwa nini klabu yenye mrushaji mmoja aliyechoka ilimwingiza tena katika mchezo ambao tayari ilikuwa inaushinda.

Providence ilichukua ubingwa kwa kuiacha Boston mbali. Mwezi Oktoba ilikutana na New York Metropolitans, mabingwa wa American Association, ligi kuu nyingine ya wakati ule, katika michezo mitatu iliyochezwa New York kwa siku tatu mfululizo. Radbourn alirusha yote mitatu, hakuruhusu hata mkimbio mmoja halali, akashinda yote.

Kisha klabu ikatimiza ahadi, akawa huru. Na alichokifanya na uhuru huo ni kutia saini tena na Providence.

Wengi huona hapo uaminifu wa mchezaji kwa klabu yake. Siukatai kabisa: Carrie Stanhope, mwanamke aliyekuja kuwa mke wake, alikuwa na nyumba ya wapangaji mjini humo, na mtu hahami mji kwa sababu ya kanuni tu. Lakini tujiulize uhuru ule ulikuwa na thamani gani sokoni. Ligi ya Lucas ilikuwa inakata roho na ilikufa rasmi mwezi Januari 1885. Klabu zilizobaki zote zilikuwa ndani ya mapatano yaleyale ya kulinda mishahara, na kila mmiliki alijua kwamba akimpandishia dau Radbourn leo, kesho wachezaji wake mwenyewe wangetaka mfano huo. Radbourn alikuwa amejinasua yeye peke yake kutoka katika mfumo ambao ulibaki umesimama pande zote. Alikuwa huru kuchagua miongoni mwa waajiri waliokuwa wamekwisha kuongea wao kwa wao.

Yaliyofuata yanathibitisha udhaifu huo. Mwaka 1885 alishinda 28 na kupoteza 21, klabu ya Providence ikafilisika baada ya msimu, naye akahamishiwa Boston pamoja na mali nyingine ya thamani iliyobaki. Huko alikuwa na misimu minne ya kupanda na kushuka: 1886 alipoteza zaidi ya alivyoshinda, 1888 alishinda saba tu. Kuna picha ya timu ya 1886 ambamo, wakati wenzake wamekaa kwa adabu, Radbourn anaonekana ameinyooshea kamera kidole cha kati, na inatajwa kuwa picha ya zamani zaidi inayojulikana ya ishara hiyo ya matusi. Watu huicheka. Nami huicheka, ingawa nadhani alikuwa na wa kumkusudia.

Wakati huohuo Ward, mwenzake wa zamani, alikuwa ameichukua njia nyingine. Alisomea sheria chuo cha Columbia, mwaka 1885 akaanzisha chama cha wachezaji, na mwaka 1887 akachapisha makala iliyouliza kama mchezaji wa besiboli ni mali inayohamishika. Wamiliki walipoweka madaraja ya mishahara yenye kikomo cha dola 2,500, wachezaji wengi bora waliondoka kwa pamoja na mwaka 1890 wakaendesha ligi yao wenyewe, Players' League, wakigawana usimamizi na wafadhili. Radbourn, akiwa na miaka 35, alijiunga na klabu ya Boston ya ligi hiyo, akashinda 27 na kupoteza 12, na klabu ikawa bingwa. Ilikuwa mara ya mwisho kwake kuwa mrushaji mkubwa. Sidhani mkono ulikuwa umepona. Ila inafaa kukumbuka kwamba msimu wake bora baada ya 1884 ulipatikana katika ligi pekee ambamo wachezaji walikuwa na kauli. Ligi hiyo haikuuona mwaka wa pili, kwa kuwa wafadhili walikwenda kuzungumza na wamiliki wa zamani bila wachezaji.

Alimalizia Cincinnati mwaka 1891, jumla ya ushindi ikiwa 309, ambao zaidi ya nusu yake aliupata katika misimu minne ya kwanza. Akarudi Bloomington kuendesha baa yenye meza za biliadi. Katika ajali ya uwindaji alipoteza jicho na uso ukaharibika, na kuanzia hapo alijificha chumba cha nyuma, hataki kuonwa na wateja waliokuja kumtazama. Alifariki tarehe 5 Februari 1897, akiwa na miaka 42. Sweeney alimfuata mwaka 1902 kwa kifua kikuu, baada ya kufungwa jela kwa kuua mtu katika ugomvi.

Mwaka 1939 Radbourn aliingizwa katika jumba la watukufu wa besiboli huko Cooperstown. Bamba lake la shaba linasema alirusha michezo 27 ya mwisho ya msimu wa 1884 na kushinda 26, jambo ambalo kumbukumbu za michezo yenyewe haziliungi mkono, kwa kuwa kulikuwa na siku ambazo wengine walirusha. Linataja pia ushindi katika michezo mitatu ya Oktoba. Kuhusu kusimamishwa, nyongeza ya malipo na ahadi ya kuachwa huru halina neno. Kifungu cha kumshikilia mchezaji kilidumu hadi Desemba 1975, pale msuluhishi wa migogoro ya kazi alipoamua kwamba klabu haiwezi kuurefusha mkataba wa mtu milele kwa uamuzi wake peke yake. Wachezaji waliopeleka shauri hilo walikuwa wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, na wote wawili walikuwa warushaji.